Kopo la Darini

Mamboya,
3 Machi 1952

Mwanangu Letisia,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nimewasomea kuku. Usicheke, hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Huku tu wazima. Goti langu ndilo linalolalamika mvua ikikaribia, na mjomba wako Nikolaus anakusalimu, anasema ukipata sukari umkumbuke. Yeye na sukari unamjua.

Sasa nijibu haya, maana nimekaa nayo siku nyingi. Unasema Bibi wako wa Kizungu amekutoa kwenye kufua, amekuingiza jikoni. Kwa hilo nimeshukuru Mungu. Unasema kazi yako sasa ni kupamba biskuti za ubatizo wa mtoto wa bwana wa shamba la jirani, na juu ya kila biskuti unaandika jina la mtoto kwa sukari nyeupe. Hapo ndipo nilipoketi chini. Mtu analaje jina la mtoto wa watu? Anaanzia wapi? Na mama wa mtoto anatazama tu?

Tena hiyo sukari inasimamaje? Ya kwetu ukiilowesha inayeyuka, imekwisha. Hii yako unasema inakauka mpaka ukiigonga inalia. Je, si chokaa? Uliza vizuri, mwanangu. Wazungu wanapaka chokaa hata mawe ya njiani. Na huo ute wa yai bichi unaochanganya humo, umeonja? Tumbo halikukusumbua?

Liko neno moja nimeliacha nyuma kwa kuwa ni zito. Huko uliko ni mkonge mtupu. Baba yako alikwenda mkongeni kwa kipande, mkataba wa miezi sita, wewe ukiwa unatambaa. Ulipoanza kung'oka meno ya utoto tukasikia ana nyumba nyingine Ngerengere. Sikusemi, nakukumbusha. Kaa jikoni. Ghalani usiende. Kwenye korona wanakochambulia majani usiende. Kambi ya manamba pitia mbali, hata kama njia ni ndefu.

Naandika polepole, mkono umechoka. Nijibu yote, usiruke hata moja.

Mama yako,
Magreti


Shamba la Mkonge, njia ya Kimamba, Kilosa,
19 Machi 1952

Mama, shikamoo.

Si chokaa. Nimecheka mpaka Fausta, ninayelala naye chumba kimoja, akaja kunishika paji la uso.

Ni sukari iliyosagwa ikawa laini kuliko unga wa muhogo. Inakuja kwa treni kwenye boksi. Bibi anaiita aisingi. Unachukua ute wa yai peke yake, unaupiga mpaka unakuwa povu zito, unatia sukari kidogo kidogo, na tone la limau ili isinuke yai. Halafu karatasi ile inayofungiwa siagi unaikunja kama ile unayofungia karanga, unakata ncha kidogo mno. Kwanza unachora ukingo wa biskuti kwa uji mzito, kama kujenga tuta la jaruba. Ukishakauka, ndani yake unamwaga uji mwepesi, nao unatulia wenyewe ukiwa sawasawa. Unaacha siku nzima. Miguu ya meza tumeitia kwenye makopo ya maji kwa ajili ya sisimizi, na juu tunafunika chandarua. Kesho yake ndipo unaandika jina au unachora ua.

Jina wanalila hivihivi, mama, wanacheka. Mama wa mtoto ndiye aliyekula la kwanza. Alianzia kwenye herufi ya mbele.

Kazi ngumu ni kuzifunga. Bibi huwapelekea rafiki zake wa Dodoma na Dar es Salaam, na zamani zilifika zikiwa makombo, akawa analia kama aliyefiwa. Siku hizi zinafika nzima. Tumepata namna ya kuzifunga. Wasiwasi wa ghala uondoe. Mimi ni mtu wa jikoni.

Kabla ya Pasaka Mwinshehe wa lori la misheni atakuletea kopo. Nimezipamba mwenyewe. Zile ni za kuliwa, mama, si za kuwekwa. Uzile wewe kwanza, halafu uniandikie.

Mwanao,
Letisia


Mamboya,
16 Aprili 1952

Mwanangu Letisia,

Marahaba. Kopo lilifika Jumatano ya kabla ya Pasaka. Mwinshehe alilishika mapajani kutoka Kilosa, anasema aliambiwa akilitikisa atajua mwenyewe. Nikamuuliza aliambiwa na nani. Akasema lori linamngoja. Lori lake mwenyewe, linamngoja nani tena?

Nimelifungua juu ya mkeka, mlango nimeufunga kwa sababu ya majirani. Ee mwanangu. Kumbe mkono wako umekuwa hivyo. Kanisa letu nimelijua kwa ile kengele ya pembeni. Kuku nimemjua ni yule kishingo, umemtia na shingo yenyewe haina manyoya. Jembe, mgomba, chungu, goti langu je, umelisahau? Ile moja yenye majani marefu yaliyochongoka yanayotoka chini ni nanasi, nadhani. Umelichora vizuri, ingawa huku kwetu mananasi hayapo.

Tumekula, zilikuwa tamu sana. Wote wanakushukuru.

Ila nina swali. Kopo lilikuwa limezungushiwa kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi tatu, na fundo lake lilikaa kichwani kama kifungo cha koti, likivutwa ncha moja linafunguka lote. Ndani, kila safu ya biskuti ilikuwa imelazwa juu ya katani nyeupe iliyochanwa kama pamba. Nimesuka mikeka tangu sijaolewa, mwanangu, kazi ya mkono wa mtu naijua kama sauti yake. Na wewe hujawahi kufunga mbuzi akafika asubuhi amefungwa. Fundo hili ni la nani?

Mama yako,
Magreti


Shamba la Mkonge, Kilosa,
2 Mei 1952

Mama yangu mpenzi, shikamoo tena shikamoo.

Uliposema mmekula, barua niliibusu. Nilikimbia nayo nikiwa na unga mikononi.

Sasa naweza kusema. Fundo ni la Kasian. Anafunga robota za katani pale ghalani, zile zinazopanda treni kwenda bandarini. Bibi alipochoka kulia juu ya makombo alimwomba msimamizi mtu anayejua kufunga, wakamleta yeye. Alisimama mlangoni, akauliza biskuti zitakwenda kwa treni au kwa lori, na zitakaa upande gani. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo. Ni kwa namna hiyo tumejuana, mbele ya macho ya Bibi. Ni Mkatoliki. Wazazi wake walitoka Songea. Baba yake amekwisha fariki, mama yake Hildegarda anawapikia madereva pale Mikumi.

Na sukari ya kopo lile aliinunua yeye, mama. Kopo ni lake, katani ni yake. Mimi nilikuwa mkono tu. Kwetu kitu cha mposaji kikiliwa na mama wa binti, posa imejibiwa. Nilijua ukiambiwa kabla, usingegusa. Nilitaka ukionje kwanza bila kuogopa. Nawe umekula, na wote wamekula, na umesema tamu.

Mama Hildegarda atakuja na jembe la uchumba kwa mjomba Nikolaus Jumamosi ya tarehe tano Julai. Kasian alipoisikia barua yako aliketi juu ya robota. Nikamwuliza vipi. Akasema, "Nilidhani litarudi limefungwa."

Mwanao mwenye furaha,
Letisia


Mamboya,
11 Mei 1952

Letisia,

Sikula.

Nakuandikia hili kwanza ili usilifikie umechoka. Sikula hata moja. Niliogopa ule ute wa yai, tena niliona ni dhambi kulitafuna kanisa. Nikalifunga kopo kwa fundo langu, nikalipandisha darini juu ya meko, pale tunapoweka mbegu za mahindi, moshi ulilinde na wadudu. Halafu nikakuandikia tumekula, kwa kuwa mtoto akimletea mama yake kitu, mama husema amekula. Ndivyo nilivyoambiwa na mama yangu, na ndivyo nilivyofanya. Sikujua ninamjibu mwanamume.

Uongo wangu ni huo. Wako nao tuutazame. Uliniandikia kwamba wewe ni mtu wa jikoni. Umeniwekea posa ndani ya zawadi ya Pasaka kama mtego wa kanga. Mama yako nimekuwa kanga.

Na kati ya wanaume wote wa nchi hii, mtu wa mkonge. Mtoto wa manamba. Hivi hujui nilikaa na chakula cha baba yako kimefunikwa siku ngapi? Nilikuwa nikisikia lori la Kilosa nashuka barabarani, na wewe mgongoni. Dereva akawa ananiona ananipungia mkono wa hapana kabla hajasimama. Watu wa mkonge wana kipande, mwanangu. Kikiisha wanahamia kingine, na mtu ana vipande vingapi maishani?

Kopo liko. Kwa mila ya kwetu, kisicholiwa hurudi. Mwinshehe atapita tena mwezi huu au ujao. Sijamwambia Nikolaus.

Sijalala vizuri. Unakula lakini?

Mama yako


Shamba la Mkonge, Kilosa,
20 Mei 1952

Mama, shikamoo.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikasoma tena. Sina la kujitetea. Nilikudanganya kwa kuwa niliogopa jibu lako, na nilipaswa kuliogopa nikiwa mbele yako.

Nimemwambia Kasian. Hakukasirika. Alisema nisikusukume, kopo ni lako, lirudi au lisirudi. Nami nakwambia hivyohivyo. Ukilirudisha nitalipokea kwa Mwinshehe mwenyewe, sitakununia, na mwezi wa saba hatakuja mtu. Sitaolewa kwa siri. Hilo tu nakuomba uliamini, hata kama mengine umeshindwa.

Lile halikuwa nanasi, mama. Ni mkonge. Yeye ndiye aliyeomba niuchore, alisema usiingie nyumbani kwako umejificha.

Nakula.

Mwanao,
Letisia


Shamba la Mkonge, Kilosa,
14 Juni 1952

Mama, shikamoo.

Wiki ya nne sasa huandiki. Mwinshehe amepita mara mbili, mikono mitupu, na ninapomuuliza habari za Mamboya anafungua boneti ya lori na kuingiza kichwa humo.

Jumanne iliyopita sikuwapo hapa. Bibi alinichukua Mikumi kwenye harusi ya mhandisi wa barabara, na biskuti mia mbili zenye kengele za fedha juu yake. Nilikwenda kumwona Mama Hildegarda kibandani kwake. Nilimweleza yote, hata dari na moshi. Alinimiminia chai, akasema na yeye alipoletewa zawadi ya kwanza na marehemu mumewe aliificha chini ya kitanda mwezi mzima, akawa anaitazama kila asubuhi. Hakuniambia nifanye nini.

Niliporudi nilimkuta Kasian kama mtu aliyeambiwa siri akakatazwa hata kutabasamu. Nimemwuliza, hasemi. Kila mtu ananyamaza huku na huko. Mama, kama kopo linarudi, lirudi. Kama unaumwa, niambie nije hata kwa miguu.

Mwanao,
Letisia


Mamboya,
22 Juni 1952

Mwanangu Letisia,

Siumwi. Nilikuwa natazama.

Ile Jumanne uliyokwenda Mikumi, mimi nilikuwa hapo. Usianguke. Nilimwambia Mwinshehe anipeleke, na nikamwapisha kwa kitabu chake cha dini asiseme, ndiyo maana anaingia kwenye boneti. Nilitaka kumwona huyo mtu akiwa hajui anaonwa. Kopo nililibeba ndani ya kikapu, limefunikwa kanga, ili nikimaliza kutazama nilirudishe kwa mkono wangu, nisimpe dereva kazi ya aibu.

Pale sokoni Kilosa nilinunua chungu kikubwa cha maji. Sikukihitaji. Nikaenda nacho mpaka ghalani kwenu, ghala lile nililokukataza, nikauliza kama kuna mtu anaweza kumfungia mama mgeni chungu kisivunjike njiani. Wakaita jina. Akatoka kijana mrefu, vumbi la katani mpaka kwenye nyusi, kama mzee aliyezeeka mchana mmoja.

Alinisalimu, nikaitikia. Akauliza chungu kinakwenda wapi. Nikasema milimani. Akauliza, "Barabara ya huko inatikisa zaidi wapi, mama, kwenye kupanda au kwenye kushuka?" Nikamwambia kwenye kushuka, baada ya korongo la pili. Akaenda akaleta katani, akakijaza chungu ndani kwanza. Mimi nimebeba vyungu maisha yangu yote sikuwahi kufikiri kwamba chungu huvunjikia ndani. Akakizungusha kamba, akapiga lile fundo.

Nikamwuliza kama anayeuliza tu, kipande chake kikiisha atakwenda wapi. Alikuwa ameinama, akanijibu hapo hapo kwenye kamba.

"Baba yangu alikufa kipande chake hakijaisha, mama. Mimi sitafuti pa kwenda. Natafuta pa kufika."

 Nikanyoosha mikono nipokee chungu changu. Hakunipa. Alikiweka chini, akarudi nyuma hatua tatu, akageuza uso pembeni na kutazama majani, mikono ameikunja mbele. Nilipochukua chungu nikaanza kuondoka, alitoka njiani kabisa akasimama kwenye nyasi mpaka nikapita.

Mwanangu, hivyo ndivyo mkwe anavyompisha mama mkwe, na sijaona kijana akifanya vizuri namna ile tangu enzi za babu yako.  Alinijua. Sijui ni uso wako ulio usoni kwangu, au ni swali langu la kipande. Alinijua tangu mwanzo na hakusema, akaniacha nitazame mpaka nitosheke. Na alijua kilichomo kikapuni, maana kamba yake ilikuwa inachungulia kwenye ukingo wa kanga. Aliiona. Hakuiomba, hakuikataza.

Nikapanda lori, chungu upande huu, kopo upande huu. Baada ya korongo la pili Mwinshehe aliturusha mpaka kichwa changu kikagusa paa. Chungu kimefika. Kiko hapa, nimekunywa maji yake.

Nilipolitoa kopo kikapuni niliona jambo. Fundo halikuwa la Kasian, wala halikuwa langu. Lilikuwa lile fundo la kuvuta mara mbili ambalo mjomba wako anafungia suruali. Nikafungua. Kanisa halipo. Jembe halipo. Kuku kabaki nusu. Nikamwita Nikolaus, nikamuuliza, akasema alikuwa anapanda darini kukagua paa. Paa tangu Pasaka! Nikamwambia amekula posa ya mpwa wake bila kujua, na mchumba ni mtu wa mkonge. Akaniuliza kama huyo mchumba anaweza kuleta zingine. Kwa hiyo upande wa mjomba hakuna shauri. Lakini cha kuibwa hakiwezi kunijibia mimi.

Sasa nikuungamie. Nilipokuandikia kwamba lile ni nanasi, nilijua si nanasi. Mwanamke aliyeachwa na mkonge ataacha kuujua? Niliuona mara ile ile nilipofungua kopo, nikaufunika kwa katani, nikaandika nanasi ili usiniambie. Nilikuwa naujua na siutaki. Mjomba wako naye, pamoja na uroho wake, hakuugusa. Anasema aliona una miiba.

Nimeosha mikono. Nimekaa kwenye mkeka, ile biskuti ya mkonge mkononi, mlango nimeuacha wazi, majirani wapite waone. Sukari yake imekuwa rangi ya meno ya mzee kwa ajili ya moshi, na biskuti imelegea. Mwambie Hildegarda tarehe tano apande na Mwinshehe, akae mbele, na baada ya korongo la pili ashike kitu. Huyo kijana naye aje, atakaa nje kwa adabu yake, nami nitampelekea chai kwa mkono wa mtu mwingine kama inavyotakiwa. Wewe uje mapema unifundishe ile karatasi ya ncha, maana nataka kujua uji mwepesi unajuaje pa kuishia.

Ina ladha ya limau na moshi. Ute wa yai siusikii hata kidogo. Nilikuuliza siku ile mtu anaanzia wapi. Mimi nimeanzia kwenye ncha, penye mwiba.

Mama yako,
Magreti